Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: matete ya mto yakatwe kiangazi, si wakati wa mvua

Kwa Mheshimiwa Meya wa mji wa Lubumbashi,
kwa Waheshimiwa Mabugumestri, wakuu wa komini zetu 7,
kwa mashefu wa mitaa, wakubwa wa mazingira na wakubwa wa polisi.

Lubumbashi, mwezi wa Septemba

Waheshimiwa, jambo yenu.

Tunawaandikia kuomba kitu kimoja, na tunakitaja mapema ili barua isije ikawekwa kando kabla hamjakifikia. Tunaomba kazi ya kufyeka matete na majani marefu katika mabonde ya mito ya mji itolewe kwenye miezi ya mvua na kupelekwa kwenye miezi ya kiangazi. Hatusemi salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mji, ifutwe. Hatuombi pesa, wala kiwanja, wala ofisi. Tunaomba tarehe ibadilishwe, basi.

Sisi ni wakaaji wa Kampemba, upande wa mto Naviundu. Mimi ninayeandika ni sentineli. Nalinda lupango, yaani uwanja wa nyumba, la watu usiku, na kukikucha narudi kwangu kwa miguu nikikata bondeni. Pamoja nami kuna mama mmoja mkulima wa mboga, fundi baiskeli, dereva wa wewa (pikipiki ya abiria), wanafunzi wawili wa chuo kikuu, na mzee aliyestaafu kazi ya reli ambaye ndiye mwenye darubini nzuri kuliko zetu zote. Hatuna chama wala muhuri. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, tunatembea kando ya mto tukiangalia ndege na kuandika kwenye daftari nani kaonekana, wapi, akifanya nini. Wapita njia wanatucheka. Wengine wanauliza kama tunawala. Tukisema hapana, wanaondoka na shaka usoni, na wala hatuwalaumu, maana mtu mzima kusimama nusu saa akitazama kichaka si jambo la kila siku katika mji huu wa watu wanaokimbilia kazi.

Sasa tuje kwenye salongo. Msimu wa mvua uliopita, Jumamosi moja, vijana wa mtaa walipewa mapanga na mafyekeo wakaambiwa wasafishe bonde. Walifanya kazi nzuri sana. Ilipofika saa nne, matete yote kati ya daraja la mbao na mashamba ya mboga yalikuwa yamelala chini. Humo ndani mlikuwa na kweche, wale ndege wadogo ambao dume lao huwaka wekundu na weusi mvua ikianza, akajivimbisha manyoya na kuruka juu ya matete kama nyuki aliyekasirika. Viota vyao ni vya majani, vya mviringo, mlango wake ukiwa ubavuni karibu na juu, na vimefumwa kwenye mabua mawili au matatu yaliyo hai. Bua likikatwa, kiota kinaanguka nalo. Mtoto mmoja alikusanya viota ndani ya kofia yake. Kimoja kilikuwa na mayai matatu ya rangi ya bluu hafifu, kingine kilikuwa na makinda yasiyo hata na unyoya, midomo wazi. Akatuletea akauliza tuwaweke wapi. Hapakuwa na pa kuwaweka. Majike walizunguka juu ya tope kwa muda mrefu wakitua, wakiruka, wakitua tena mahali ambapo hapakuwa na bua la kushika.

Hakuna aliyekuwa mkatili siku ile. Vijana waliambiwa wakate, wakakata. Shefu wa mtaa alikuja na orodha yake ya waliohudhuria akafurahi kuona bonde jeupe, na alikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Ubaya ulikuwa kwenye kalenda tu. Kazi ileile, kwa mapanga yaleyale, ingefanyika mwezi wa Julai isingevunja yai hata moja.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii, kwa hiyo mtuvumilie tukieleze vizuri.

Ndege wengi wa mabonde yetu wanazaa kwa kufuata mvua. Sababu yake si siri. Mvua inaleta wadudu, na kinda hata wa ndege anayekula mbegu anahitaji wadudu ili akue haraka. Mvua ndiyo inayorefusha matete na majani ya kufumia, na ndiyo inayozungushia kiota maji ili paka na panya wasifike kirahisi. Kweche jike analalia mayai kama wiki mbili, kisha makinda wanakaa kiotani wiki mbili nyingine hivi kabla ya kuruka. Ongezeni siku za dume kujenga, na mayai ya pili kwa walioharibikiwa ya kwanza, mtaona kwamba kuanzia Desemba hadi Aprili matete yale yana wenyewe. Mwezi wa Mei yanaanza kukauka. Dume aliyekuwa mwekundu ameshabadili manyoya, amekuwa wa kahawia mwenye michirizi, anapita mbele yenu na kundi lake kutafuta mbegu nanyi mnamwita shomoro. Kuanzia hapo hadi Septemba mnaweza kukata, mkabeba, mkapanga marundo, naye hatawadai kitu.

Si kweche peke yake. Kwera naye yumo, yule wa manjano mwenye kelele, anayening'iniza viota kwenye matawi yaliyoinamia maji. Yeye huanza mapema zaidi, mara nyingi hata kabla mvua haijashika. Yumo kukuziwa anayetembea chini kwenye matope. Yumo dudumizi, ambaye wazee wengi wanamsikiliza kujua kama mvua inakuja. Sauti yake ni ya maji yakimiminwa kutoka kwenye chupa, lakini mwenyewe humwoni, anajificha katikati ya kichaka kizito. Na yumo fumbwe, dume mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake mzima, ambaye jike lake halijengi kabisa: linataga katika viota vya ndege wengine wadogo na kuwaachia kazi ya malezi. Mkifyeka viota vya wale wengine, fumbwe naye mmemfuta bila kumgusa.

Mama mkulima katika kundi letu ana hoja yake mwenyewe, na ameniambia niiandike kama alivyoisema. Yeye hapendi ndege kwa uzuri wao. Anapenda wanaokula viwavi kwenye shu (kabichi) na lengalenga (mchicha) zake. Msimu ule matete yalipokatwa, anasema, alinunua dawa ya kupulizia zaidi kuliko kawaida. Sitadai kwamba sababu ilikuwa ndege peke yao. Mvua ilikuwa nyingi, na viwavi wana miaka yao. Lakini mtu anayekaa shambani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi ameona anachokiona, na anayelipia dawa ni yeye.

Tunajua mtatujibu nini, kwa kuwa tumeshajibiwa hivyo mtaani.

La kwanza ni malaria. Matete yanafuga mbu, wanasema, na hakuna mzazi Lubumbashi asiyejua bei ya homa ya mtoto. Hoja hii tunaiheshimu, ila inaelekezwa mahali pasipo pake. Mbu mkuu wa malaria katika nchi yetu, yule Anopheles gambiae, anapenda vidimbwi vidogo, visivyo na kina, vinavyopigwa na jua: alama za tairi barabarani, mashimo ya kufyatulia matofali, mifereji iliyozibwa na chupa na sashe za plastiki. Maji yaliyofunikwa na mimea mirefu, yenye kivuli na baridi, si makao anayoyachagua. Kuna aina nyingine za mbu zinazokubali kivuli, hatusemi bonde ni safi kabisa. Lakini mkikata matete katikati ya mvua na kuacha nyayo za watu hamsini kwenye tope, mmetengeneza vidimbwi vidogo vya jua vingi kuliko vile mlivyoondoa. Salongo ya mwezi wa Januari ikipelekwa kwenye mifereji na mashimo ya matofali, tutakuja sote na makoleo, na wewa wetu atabeba takataka bure.

La pili ni majambazi. Majani marefu yanaficha watu wabaya, na kweli yanaficha. Mimi ni sentineli, sihitaji kufundishwa hilo. Ninapita pale gizani. Kwa hiyo pendekezo letu halisemi kila jani liachwe. Kateni kando ya njia, pande zote mbili, kwa upana wa kutosha mtu aone mbele yake. Kateni karibu na madaraja na karibu na kuta za malupango. Kateni hata katikati ya Februari mkiona haja. Sehemu ya ndani, ile yenye maji ambayo hakuna jambazi anayeingia akatoka na viatu, ndiyo tunayoomba iachwe hadi Mei.

La tatu ni usafi, kwamba mji wenye matete unaonekana kama kijiji. Hapo hatuna jibu zaidi ya kusema kwamba plastiki iliyojaa chini ya madaraja yetu inaonekana vibaya zaidi. Na matete hayo yanafanya kazi ambayo hakuna anayeyalipa: yanashika udongo, yanapunguza mwendo wa maji ya mvua, yanabakiza tope lililobebwa kutoka juu. Mito yetu ina mzigo mzito. Watafiti wamepima shaba na kobalti katika maji na tope la mito ya Lubumbashi, Naviundu ukiwemo, na kila anayeishi upande huu anajua rangi ya maji siku nyingine. Mjadala huo ni mkubwa kuliko barua hii na una wenye majibu yake. Tunasema tu kwamba kukata kichujio kilichopo wakati maji yanapokuwa mengi kuliko siku zote si akili ya mwenye nyumba.

Kiangazi, kwa upande mwingine, kazi ingekuwa rahisi. Ardhi imekauka, mtu anakata bila kuzama. Na ndio wakati ambao akina mama wanateremka bondeni kulima bustani, kwa hiyo sehemu kubwa ya kusafisha wanaifanya wenyewe bila kuitwa. Matete yaliyokauka yana kazi: uzio wa bustani, kivuli cha vitalu, matandazo ya kufunika udongo ili usikauke. Yaliyokatwa Januari yanaoza pale pale na kuziba mfereji. Tungependa pia yasikatwe yote mwaka mmoja. Mwaka huu ng'ambo hii, mwaka ujao ng'ambo ile, ili kweche na kwera wakirudi wakute mabua ya zamani ya kuanzia wakati mapya bado yanaota. Na tafadhali, kukata kusigeuke kuchoma. Moto wa mwezi wa Oktoba ndio unaoua wanaotaga chini. Nje kidogo ya mji, kwenye mabaki ya misitu ya miombo ambayo wachoma makala (makaa) hawajayamaliza, kuna kirukanjia mmoja ambaye dume lake huota unyoya mrefu wa ajabu katika kila bawa wakati wa kuzaa. Jioni akiruka unadhani anavuta bendera mbili. Jike lake halijengi kiota. Anataga juu ya majani makavu, na miezi yake ya kutaga ni hiyo hiyo ya moto.

Hapa naomba niseme jambo la polisi, ingawa kichwa cha barua hakilitaji, kwa sababu bila hilo hakuna atakayewaletea hesabu ya viota.

Kijana mmoja wa kundi letu, mwanafunzi, alisimamishwa karibu na daraja akiwa na darubini shingoni. Jumeli, walisema, ni kitu cha mpelelezi. Alionyesha daftari lake. Daftari likawa kosa la pili, kwa kuwa lilikuwa na saa na mahali: "6.20, juu ya mnara, mwewe wawili." Mnara ule ni wa simu. Mnaweza kufikiria mazungumzo yaliyofuata. Aliachiliwa baada ya kutoa madesu ya bana, yaani hongo ndogo, na darubini, ambayo haikuwa yake, ilirudi ikiwa imepungua kifuniko kimoja. Sitataja waliohusika na siwaombei adhabu. Mtu ambaye hajawahi kuona mtu akihesabu ndege ana haki ya kushangaa mara ya kwanza. Tunaomba maelekezo mafupi kutoka juu yafike kwenye vituo: kwamba kuangalia ndege kwa darubini bondeni, bustanini au kando ya barabara si kosa, na kama kuna mahali pasiporuhusiwa, tuambiwe mahali hapo wazi nasi tutapaepuka. Kama inatakiwa karatasi ya komini yenye majina yetu na picha, tutaifuata, hata kama itatugharimu foleni ya asubuhi nzima.

Mwewe wale wa mnara, kwa taarifa, walikuwa wanajenga. Wanarudi kwetu kama mwezi wa Agosti, kabla jakaranda hazijafunika barabara kwa maua, na kiota chao ukikichungulia utakuta vitambaa, kamba, na mfuko wa plastiki au miwili. Ndio haohao wanaojaa hewani siku ya mvua ya kwanza, inswa (kumbikumbi) wanapotoka kwenye vichuguu. Siku hiyo kila mtu yuko nje: watoto na mabeseni, mama na taa, mwewe juu, mbayuwayu katikati, kuku chini, wote kwenye karamu moja. Vichuguu vikubwa vya mji huu, vingine mita 5 na zaidi, navyo vinakwisha kwa matofali. Lakini hiyo ni barua nyingine.

Kuhusu bundi nitasema kidogo, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa nao usiku. Bundi akitua juu ya paa la lupango, watu huamka, hutupa mawe, na asubuhi huenda kwa shefu wa mtaa kuuliza nani amemtuma. Ghala ninalolinda lina mahindi. Lilikuwa na panya waliokuwa wakinipita miguuni bila hofu. Bundi mweupe wa uso wa mviringo alipoanza kukaa kwenye mwembe wa nyuma, chini ya mti nikaanza kuokota vidonge vya manyoya na mifupa ambavyo bundi hutapika baada ya kula. Ukivivunja unakuta mafuvu ya panya, meno yake ya manjano bado yakiwa mahali pake. Nilimwonyesha mwenye ghala. Hakusema kitu, ila amri ya kumpiga mawe haikuja tena. Imani ya mtu siwezi kuibishia kwa barua, na sitaki. Shefu wa mtaa anaweza lakini kumwambia mlalamikaji maneno mawili: mwache, anakula panya. Akiyasema shefu yana uzito ambao yakisemwa na sentineli hayana.

Kuna atakayeuliza kama ndege wa Naviundu ni wa thamani hivyo hata wasumbue ratiba ya komini. Wengi wao ni wa kawaida, tunakubali. Kweche yuko Zambia, yuko Tanzania, yuko kila mahali penye majani na maji. Ila jimbo letu limeshatoa funzo juu ya matete ambayo hakuna anayeyatazama. Kule Likasi, kwenye ziwa Tshangalele, ziwa lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, alipatikana kwera mmoja mwaka 1960. Aliyemleta kwa watu wa sayansi ni Jean-Claude Ruwet. Mwaka 1982 wataalamu wakamtambua kuwa ni aina yake ya pekee wakamwita Ploceus ruweti. Halafu kimya. Sampuli moja tu ya ndege yule ndiyo iliyokuwepo duniani, wakati wavuvi wa Tshangalele walikuwa wakipita na mitumbwi chini ya viota vyake kila siku ya Mungu. Mwaka 2009 watu walirudi kutazama, naye alikuwepo, anafuma kama kawaida juu ya maji. Ni mkaaji wa Haut-Katanga ambaye hajulikani kuishi nchi nyingine yoyote, na kwa karibu miaka 50 hakukuwa na daftari hata moja lenye jina lake. Hatudai kwamba Naviundu una ndege kama huyo. Tunadai kwamba hamwezi kujua bonde lina nini kama kila mwaka mnalifyeka katika mwezi ambao wenyeji wake wako nyumbani.

Sheria mnaijua kuliko sisi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na kinamwekea wajibu wa kuyatetea, na Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira asilia ipo. Hatutaki kwenda mahakamani na matete. Tunataka shefu wa mtaa apewe kalenda ambayo haimlazimishi kuvunja mayai ili aonekane anafanya kazi.

Miti ya barabarani nayo ingefaa iingie humo humo. Kikosi cha kupunguza matawi yanayogusa nyaya za umeme kinapita wakati wowote, na tumeona matawi ya mwembe yakishushwa mwezi wa Novemba yakiwa na viota vya kwera zaidi ya kumi. Nyaya ni hatari, hatubishani. Lakini tawi halikui usiku mmoja. Linaonekana tangu Juni.

Na sisi tunaleta nini? Kabla ya kila msimu tutapita mtoni na vijiti vyenye vitambaa vyekundu, tuchomeke pale penye makundi ya viota, ili hata anayekata njia ajue asipite hapo. Kila mwisho wa mwezi tutampa shefu wa mtaa ukurasa mmoja: ndege gani, wangapi, wanafanya nini. Wanafunzi wetu wameshaanza kuingiza orodha hizo kwenye eBird, mtandao wa kuandikisha ndege walioonekana, kwa simu, bure, hivyo hata mtu wa chuo kikuu akitaka kuzikagua atazikuta. Siku ya Ndege Wahamaji Duniani huangukia Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Ya Oktoba inafaa sana kwetu, kwa kuwa ndipo mbayuwayu na kerem wa Ulaya wanapoanza kupita juu ya Kampemba; komini ikitaka kuleta watoto wa shule asubuhi hiyo, darubini zetu zitazunguka mkononi mwa kila mmoja. Watoto wenye manati tunawahitaji kuliko wote. Wao ndio wanaojua kila kiota kilipo, na kijana aliyeleta viota katika kofia siku ile ya salongo sasa ndiye anayetutangulia njiani.

Mheshimiwa Meya, au mmoja wa mabugumestri wetu, akitaka kujionea, aje bondeni Jumapili yoyote ya Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda. Aje na viatu vya mpira. Chai tutakuwa nayo, na mandazi ya mama mkulima, ambaye ana maswali mengine juu ya kodi ya soko lakini ameahidi kutoyauliza siku hiyo.

Ratiba ya salongo ya msimu ujao tunaambiwa hupangwa kabla mvua haijaanza. Ndiyo sababu barua hii imewafikia Septemba, na jibu tutalipokea kwa shefu wa mtaa wetu, kwa maandishi au kwa mdomo.

Kwa heshima,

Waangalia ndege wa kando ya Naviundu,
Komini ya Kampemba